Aliyebaki Singapuri

Duka la Sare, Sokoni, Taiping
11 Januari 1998

Huat mdogo wangu,

Sisi huku wazima, na miguu ya Mama imeanza kupungua uvimbe tangu daktari ambadilishie dawa. Shule zimefunguliwa, kwa hiyo nimeshona sketi mpaka vidole vinanuka mafuta ya cherehani, na bado wapo wazazi wanaokuja leo wakitaka sare ya juzi. Mvua ni ile ile ya saa tisa alasiri. Bati la jikoni limezibwa. Habari za nyumbani ndizo hizo.

Utaona nimeandika badala ya kupiga simu, na anwani ni ya dukani. Simu iko sebuleni, na Mama siku hizi hatoki kwenye kiti kilicho karibu nayo. Ninachotaka kukuuliza sitaki akisikie. Ukijibu, jibia dukani.

Ni hivi. Tangu mlipomleta Baba, kila jioni Mama anampakulia wali na kuuweka mbele ya kibao chenye jina lake. Anangoja ubani uteketee, kisha anarusha zile sarafu mbili za zamani kumwuliza kama amekula. Unajua mwenyewe: moja ikilala uso juu na nyingine uso chini, Baba amesema ndiyo. Zikifanana, amesema hapana. Huat, leo siku ya ishirini na mbili, na jibu ni hapana. Anarusha mara tatu tatu, hapana. Mimi mwanzoni nilikuwa nacheka, nikamwambia, "Mama, labda mchuzi wako hauna chumvi." Hakucheka. Alisema, "Hajala kwa sababu hayupo. Walileta majivu tu."

Na yeye mwenyewe ameacha kula. Vijiko vitatu, anasukuma bakuli. Anasema hawezi kushiba na mumewe yuko njiani na njaa.

Basi nakuuliza, mimi na wewe tu. Ulimwita njia nzima? Kila daraja, kila mlango, kila ngazi? Maana mtoto wa kiume asipomwambia baba yake tunapanda, tunashuka, nifuate, basi mzee anabaki palepale aliponyamaziwa. Hapa langoni ulimwita, sote tulisikia. Nauliza huko nyuma, hasa Singapuri mlikokaa siku mbili.

Halafu jingine, la kucheka. Wewe na wifi yangu mlikuwa na mchezo gani mlipokuwa hapa? "Wifi, mwambie Huat chai iko mezani." Na wewe umekaa hapo hapo, goti kwa goti! "Dada, mwambie Mooi Lian nimeshakunywa." Nilijiona kama redio. Nikasema labda ndiyo mapenzi ya Australia.

Dada yako,
Gaik Sim


Perth
2 Februari 1998

Dada Gaik Sim,

Barua imefika. Sisi wazima. Huku joto ni digrii arobaini. Mimi nashinda ndani ya vyumba vya baridi vya wauza nyama, nikitoka nje miwani inajaa ukungu, nasimama mpaka uishe, naingia kwenye gari. Mooi Lian hajambo.

Nilimwita Baba. Mwambie Mama ale.

Singapuri tulipita kwa sababu ya tiketi. Unakumbuka tulikata mwezi wa nane Baba akiwa hai, tiketi tatu, zenye siku mbili za hoteli ndani yake, ili aione bandari alikobeba magunia ujanani. Akafa Novemba. Shirika lilisema tarehe hazibadiliki. Basi tukaenda hivyo hivyo.

Hoteli ilikuwa safi. Chakula cha asubuhi kilikuwa kingi.

Sina zaidi.

Huat


Taiping
15 Februari 1998

Huat,

Tumshukuru Mungu tunapumua. Mwaka Mpya tumeupitisha kimya kwa ajili ya msiba, hatukubandika karatasi nyekundu mlangoni, na watoto wa jirani walipita moja kwa moja, wanajua mwaka huu hapa hapabishwi hodi. Nilikaanga samaki mmoja. Mama alimwekea Baba kichwa, yeye akanywa supu.

Jibu la sarafu bado ni lile lile. Sasa Mama ni uji tu, asubuhi na jioni, na sketi yake nimeipunguza mara mbili kwenye kiuno. Ningekuwa nashonea mteja ningefurahi.

Nimesoma barua yako. Niliisoma mara moja tu, maana haikuhitaji ya pili. "Mooi Lian hajambo." Hilo ni jibu la kumpa tarishi. Kadi ya Mwaka Mpya kila mwaka huandika yeye, na huchora ua pembeni, ua baya kama kabichi, lakini huchora. Mwaka huu hakuna kadi wala kabichi.

Na hilo "nilimwita" nalo. Mimi nimekulea, Huat. Uliwahi kuvunja birika la bibi ukasema "limevunjika", ukaenda kulala. Ukisema ukweli huwa unachosha watu kwa maneno. Ukidanganya unakuwa na neno moja moja.

Nipe safari nzima, kituo kwa kituo, ulisema nini wapi. Nitamsomea Mama. Huenda akisikia njia yote imetimia atachukua kijiko.

Dada yako


Perth
3 Machi 1998

Dada,

Natumaini Mama anaendelea. Joto limepungua kidogo. Umetaka kituo kwa kituo.

Uwanja wa ndege wa Perth. Nilisema, "Baba, tunapanda ndege, twende." Mooi Lian alimpakata ndani ya ule mfuko wa bluu. Mhudumu alitaka kuuweka juu ya viti. Mooi Lian akamwambia hapana, huyu ni mgonjwa.

Uwanja wa ndege wa Changi, Singapuri. "Baba, tumeshuka."

Teksi. Nilimwambia Baba tunavuka daraja. Dereva alikuwa mzee wa Kichina, Mhokkien kama sisi, akasikia, akazima redio na kupunguza mwendo mpaka tulipovuka. Hakuuliza kitu. Tulipofika alitushushia mabegi yeye mwenyewe.

Hoteli. Ndani ya lifti walikuwemo wageni wanne wenye kamera shingoni. Nilinyamaza. Mooi Lian akanipiga kiwiko, "Sema wewe, atabaki chini na mabegi." Nikasema kwa sauti ndogo, "Baba, tunapanda ghorofa ya kumi na nne." Wale wageni wakatazama namba za lifti.

Chumba kilikuwa na vitanda vitatu, kama tulivyoomba mwezi wa nane. Mooi Lian aliuweka mfuko kwenye kitanda cha tatu, cha dirishani, akafungua pazia. Bandari inaonekana kidogo, kati ya majengo mawili ya vioo. Nilimwambia hamna haja ya kulifungua, jua kali. Akaliacha wazi.

Siku ya pili tulikwenda kupanda kile kibanda cha kioo kinachoning'inia kwenye waya, kinachovuka juu ya bandari kwenda kisiwani. Tulikuwa na kuponi tatu. Mkata tiketi, mama wa makamo, akauliza wa tatu yuko wapi. Mooi Lian akasema, "Yupo," akainua mfuko. Yule mama akachana kuponi zote tatu. Nikasema, "Baba, tunapanda."

Mchana tulirudi hotelini. Kesho yake tukaondoka. Penang. Gari. Taiping. Langoni ulisikia mwenyewe.

Uji wa Mama autie samaki.

Huat


Taiping
10 Machi 1998

Huat,

Sisi tupo.

Sijamsomea Mama. Kutoka Perth mpaka juu ya bandari umenipa hadi kuponi zilivyochanwa. Kutoka hapo mpaka langoni kwetu, nchi mbili, bahari na daraja la Penang, umenipa mstari mmoja. Unadhani mimi sijui kitambaa kilichokatwa katikati?

Jana Mama aliteleza bafuni. Hakuvunjika, lakini ana doa jeusi nyongani kama sahani. Daktari amesema mwili hauna nguvu kwa sababu hauli, hakuna dawa ya hilo.

Ndani ya hicho kibanda cha kioo kulitokea nini?

Gaik Sim


Perth
18 Machi 1998

Dada,

Pole kwa Mama. Mpake mafuta ya pala, yale ya kungumanga.

Mooi Lian hayupo hapa. Tangu tarehe nne Januari anakaa Fremantle kwa rafiki yake muuza maua. Sikukuandikia kwa kuwa sikujua niandike nini. Kazini wakiniuliza nasema hajambo.

Kwenye kibanda tulikuwa sisi wawili na Baba. Upepo ulivuma, wakakisimamisha katikati, labda dakika kumi. Chini yetu meli. Mooi Lian akauinua mfuko dirishani, akasema, "Baba, bandari yako hiyo. Makontena matupu, magunia hakuna tena, ungekosa kazi mzee." Ndivyo alivyozoea kusema naye. Miaka miwili tangu kiharusi kimkute Baba huku kwetu alimlisha, alimwogesha, alimkata kucha, na huku anamtania. Mimi nilikuwa kazini. Sikuwahi kuwaambieni hili: Baba mwishoni hakunijua. Nikiingia chumbani aliniuliza, "Friji imepona?" Alidhani mimi ni fundi tu. Aliinuka kwa sauti ya Mooi Lian peke yake. "Baba, twende tukaoge." Anainuka.

Kisha, pale kibandani, Mooi Lian akanigeuzia uso wake wote. Akasema, "Huat, siku ile nilikupigia mara mbili."

Nilijua siku gani. Alinipigia saa nne na saa tano, Baba alikuwa anahema vibaya. Nilisema nitakuja nikimaliza. Nilikuwa nafunga kompresa ya friji ya bucha moja. Nilifika saa nane, Baba ameshakufa, Mooi Lian ameshamwosha na kumvalisha.

Akaniambia, "Sikuulizi kwa nini hukuja. Nataka useme kitu. Pole, ahsante, chochote. Tangu mazishi hujaniambia neno la maana, unanipita ndani ya nyumba kama kabati." Nikatazama meli. Neno lilikuwepo, Dada. Lilikuwepo hapa kooni na halikutoka, na kadiri nilivyokaa likawa zito zaidi. Alinisubiri. Kile kibanda kikaanza kwenda tena. Akasema, "Haya. Na mimi nimenyamaza."

Akanyamaza kweli. Asubuhi yake tulikula kwenye meza ya watu watatu bila neno, yeye anatazama dirisha, mimi natazama mayai. Ikawa sasa ni nani ataanza. Nikajiambia si mimi.

Sikutaka kuliandika linalofuata. Wewe utadhani nilisahau kumwita Baba. Sikusahau. Nilikumbuka mlangoni pa chumba, mfuko mkononi. Nilikumbuka kwenye lifti, na safari hiyo hapakuwa na wageni, tulikuwa wawili tu. Nilikumbuka teksi ilipopanda daraja. Lakini ningefungua mdomo Mooi Lian angesikia sauti yangu, na ningekuwa nimeanza mimi. Basi nikanyamaza. Ndani ya ndege kimya. Daraja la Penang kimya. Langoni nilisema kwa sababu Mama alikuwa anatazama.

Mama hakosei. Baba yuko ghorofa ya kumi na nne, kitanda cha dirishani.

Nimeandika haya yote na sihisi kitu. Ni kama vidole vyangu nikitoka chumba cha baridi, naviona vinashika kalamu. Nangoja vipate moto.

Huat


Taiping
26 Machi 1998

Huat,

Leo sina habari za mvua.

Nilisoma barua yako dukani, mteja amesimama na suruali ya mwanawe mkononi. Nilimwambia aje kesho, nikafunga mlango. Ungekuwa karibu ningekuzaba kofi. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita unamnunia mkeo juu ya kichwa cha baba yako! Nani ataanza! Hayo ni mambo ya watoto wa chekechea waliogombania penseli. Mzee wa watu amebeba magunia mpaka mgongo ukapinda ili usome ufundi, na wewe unashindwa kumwambia, "Baba, tunashuka." Maneno mawili! Nililia, nikanawa, nikakasirika tena.

Nimemsomea Mama barua yote. Nilitegemea apige kelele. Aliuliza tu, "Hicho kitanda kizuri?" Nikasema ni cha hoteli, Mama. Akasema, "Afadhali."

Sasa sikiliza. Cheng Beng ni tarehe tano Aprili, tunakwenda kufagia makaburi, na Mama hataki kwenda bila Baba kuwa amefika. Chukua likizo. Nenda Singapuri, panda mpaka mlango wa chumba kile, umwite. Ndege usipande, panda basi, umwambie kila daraja na kila kona mpaka hapa. Kwa sauti. Watu wakikutazama, wana macho, waache watazame.

Kuhusu Mooi Lian sisemi neno leo. Nikianza sitamaliza, na barua hii naituma kwa haraka.

Gaik Sim


Taiping
21 Aprili 1998

Huat mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama na sauti imekurudia. Ulishuka kwenye basi sauti inakwaruza kama ya jogoo mgonjwa. Yule dereva aliniambia pembeni, "Dada, huyu ndugu yako ana shida gani? Tangu Johor mpakani ananionyesha madaraja, mimi njia hii naijua miaka kumi." Nikamwambia si wewe unayeonyeshwa. Akaelewa, akavua kofia.

Sina la kukulaumu. Ulifanya yote niliyokuambia, na nilikuona ulivyofagia kaburi la babu na fulana imelowa. Hukulia, lakini ulifagia.

Nakuandikia kwa sababu ya sarafu. Ulipokuwa hapa Mama hakurusha, alisema umechoka. Uliondoka asubuhi, jioni akarusha. Hapana. Akarusha tena, hapana. Ni siku kumi na mbili sasa. Nimezificha sarafu mara moja, akazitafuta kwa magoti, nikazirudisha.

Jana aliniita. Akasema, "Gaik Sim, baba yenu mwishoni alimjua nani?" Nikaketi kando yake. Akasema, "Amekwenda fundi wa friji kumwita. Wewe ungetoka kitandani kumfuata fundi wa friji?"

Nilicheka, Huat, nisamehe. Kisha nikakumbuka ulivyokuja umekauka koo na kicheko kikaisha.

Nilimwambia desturi inataka mtoto wa kiume. Akasema desturi haikumwogesha.

Unajua anayetakiwa ni nani. Mimi simwandikii. Nimekuwa redio yenu tangu ile chai ya Desemba, na betri zimekwisha. Nenda ukamwombe kwa mdomo wako. Fanya upesi. Nikimnyanyua Mama kitandani siku hizi namnyanyua kwa mkono mmoja.

Dada yako


Perth
9 Mei 1998

Dada,

Natumaini Mama yupo. Huku baridi imeanza.

Nilikwenda Fremantle mara mbili. Mara ya kwanza nilikaa ndani ya gari ng'ambo ya barabara, nikarudi. Mara ya pili niliingia. Mooi Lian alikuwa anakata miiba ya waridi. Amekata nywele. Alinitazama, akakata mwiba mwingine.

Nikasema, "Baba bado yuko Singapuri."

Akaweka mkasi chini. Nikamweleza yote: lifti, daraja, basi, sarafu, Mama. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Mama anakula nini?" Nikasema uji. Akasema, "Una samaki?" Nikasema hautaki wenye samaki.

Akasema, "Kwa hiyo umekuja kunituma."

Nikasema ndiyo.

"Na lile lingine?"

Nilijua analolitaka. Nikasimama pale. Mteja akaingia, akachagua maua ya manjano, akafungiwa, akatoka. Nikasema, "Sijui kwa nini halitoki."

Akasema, "Na mimi sijui, Huat." Akachukua mkasi akarudi kwenye waridi zake.

Sijui kama atakwenda. Hakusema. Lakini tangu Desemba hatujawahi kuongea kiasi hicho. Nilipofika nyumbani nilikaa jikoni bila kuwasha taa ya juu, nikaona kile kiti cha kuogeshea Baba bado kipo kwenye kona. Sijakitoa. Nilikikalia kidogo.

Huat


Taiping
1 Juni 1998

Huat mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Mama mzima. Mimi mzima. Nakuandikia kwa haraka, herufi zikipinda utanivumilia.

Alhamisi alasiri nilikuwa nyumbani kumbadilishia Mama shuka. Mvua ya saa tisa imeanza. Nikasikia mtu anasema peke yake barabarani, sauti imekwaruza, mwanamke. "Baba, angalia mtaro. Hapa kwa muuza matairi tunakata kushoto. Usikanyage hapo, pana matope, viatu vyako vipya hivyo." Nikabaki na shuka mkononi. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na simu. Huat, alisimama. Peke yake, bila mkono wangu. Akaenda mpaka mlangoni akishika ukuta.

Mooi Lian alikuwa langoni chini ya mwavuli, na ule mfuko wa bluu mtupu begani. Mwavuli ameuinamisha upande wa pili, yeye mwenyewe amelowa bega zima. Akasema, "Baba, tumefika nyumbani. Vua viatu uingie, Mama amepika."

Mama hakuwa amepika chochote. Akageuka, akaenda jikoni, akawasha jiko. Nilitaka kumzuia, akaniambia nitoke njiani. Akapika wali, akakaanga samaki, akaweka mbele ya kibao. Tukangoja ubani, sisi watatu. Kisha akarusha sarafu.

Moja juu, moja chini.

Hakurusha ya pili. Akaziokota, akazifunga kwenye leso, akaketi mezani akala bakuli mbili. Mimi nilikwenda kusimama uani kwenye mvua, maana sikutaka kumlilia kwenye chakula chake.

Mooi Lian ametusimulia kwa kunong'ona, sauti imekwisha kabisa. Hoteli walimfungulia kile chumba baada ya kuwaambia amesahau kitu. Kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa. Akafungua pazia, akakaa nusu saa, akasema, "Baba, umeshaiona bandari, twende sasa." Ndani ya basi njia nzima anaongea. Nilimwuliza alikuwa anamwambia nini saa zote hizo. Akasema, "Kila kitu. Na wewe umo, wifi. Nilimwambia unavyoshona upindo mpana ili mteja arudi."

Analala chumba chenu. Amesema atakaa mpaka Mama apate nyama mwilini, nami sikuuliza zaidi ya hapo.

Jana kwenye chai akaniambia, "Wifi, mwambie Huat Baba amefika."

Nikamwambia, mwambie mwenyewe, simu ile pale.

Akatazama simu. Akasema, "Mimi nimeongea kutoka Singapuri mpaka hapa. Zamu yangu imekwisha."

Basi nimekuambia, Baba amefika, na kuanzia leo nimejiuzulu. Mama hakai tena karibu na simu, anashinda jikoni akinigombeza kuhusu chumvi, kiti kiko wazi. Piga saa tisa, mvua ikianza. Mimi nitakuwa dukani, Mama hapokei simu, atakayepokea ni Mooi Lian. Ataiweka sikioni na hatasema kitu. Usidhani laini imekatika. Anza wewe.

Dada yako,
Gaik Sim